Kunguru Watatu wa Mwalimu Nassir

Nilipoambiwa kwamba Mwalimu Nassir amefariki, nilimaliza kwanza kuchambua mchele. Nilikuwa nimekaa uani kwangu Kiembe Samaki, ungo uko magotini, na aliyenipigia simu alinyamaza akisubiri niseme lile neno ambalo kila Muislamu hulisema asikiapo msiba. Nililisema, lakini nililisema kama mtu anayetoa nauli. Watu hawapendi kusema ukweli juu ya maiti. Mimi nitausema. Nilimchukia mtu yule kwa miaka kumi na minane, na chuki yangu ilinitunza vizuri kuliko mume niliyewahi kuwa naye. Ilinipa sababu ya kuamka. Ilinifundisha kusubiri. Sasa kafa kitandani kwake, mzee, kaswaliwa na msikiti uliojaa, na mimi nilijihisi kama niliyenyang'anywa kitu mkononi. Hitma, kisomo cha marehemu, ilikuwa Tunguu, siku ya tatu, baada ya alasiri. Nilijua nitakwenda. Sikujua kama nakwenda kumuombea au kuhakikisha.

Mwaka nilipomjua nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimeshaachika, na kazi yangu ilikuwa kuwachora maharusi mikono kwa piko, ile rangi nyeusi ya urembo. Ya kabla ya hapo nayaacha. Bi Zuwena, mke wa Mwalimu Nassir, aliniita nyumbani kwao Mji Mkongwe nimpake piko mpwa wake aliyekuwa anaolewa, na nilipomaliza akataka na yeye nimchoree mkono mmoja tu, wa kulia. Alipompelekea mumewe chai kwa mkono ule, mumewe akauliza nani kachora mistari iliyonyooka namna hii bila ya rula. Kesho yake nikaitwa tena. Mwalimu alikuwa na sauti ya mtu anayesoma hotuba ya Ijumaa hata anapoomba chumvi. Alinipa rula, kalamu mbili za wino, na bunda la karatasi kubwa za miraba, akasema, "Binti Raya, mkono wako unapotea kwenye viganja vya watu. Wiki mbili tu piko limefutika. Mimi nitakupa ukuta."

Nyumba yao ilikuwa ya mawe, katika uchochoro wa nyuma ya Kiponda. Chini palikuwa na duka la vitambaa, katikati wanaishi wao, na juu kabisa ndipo penye darasa. Chumba kile nakikumbuka kuliko vyumba vyote nilivyowahi kulala. Boriti za dari zilikuwa nyeusi kwa uzee, chokaa ya ukutani ikibanduka kila mvua ikinyesha, na madirisha yake marefu yalitazama mapaa ya bati ambapo kunguru walikuwa wakigombana tangu asubuhi hadi magharibi. Kulikuwa na mabao mawili ya kukalia, kompyuta mbili zilizofunikwa vitambaa vya kufuma, na huo ukuta mrefu niliopewa. Umeme siku zile ulikuwa ukija na kwenda upendavyo, ndiyo maana Mwalimu akataka mishumaa, ile michoro ya bei za soko, ichorwe kwenye karatasi. Alijifunza mambo hayo Dubai, alikofanya kazi ghalani, na aliporudi akakusanya watu kumi na tano hivi, wenye maduka, wachuuzi wa samaki, mwalimu mstaafu, mama mmoja mwenye mwani, kila mmoja akaweka fungu lake, na Mwalimu akawa anawanunulia na kuwauzia dhahabu kwenye soko la dunia kwa njia ya mtandao.

Kila asubuhi nilikwenda duka la intaneti Darajani kunakili namba nne. Bei dhahabu iliyofungulia siku, bei iliyofungia, bei ya juu kabisa na bei ya chini kabisa. Kisha napanda ngazi na kuchora. Kila siku ya soko hupewa mshumaa mmoja. Kufungulia na kufungia hufanya kiwiliwili. Juu kabisa na chini kabisa hutokeza kama tambi mbili, moja kichwani na moja miguuni. Siku iliyopanda, kiwiliwili huachwa cheupe. Siku iliyoshuka, hupakwa cheusi. Hayo waliyaanza wauza mchele wa Japani zamani sana, kabla ya babu zetu, na hakuna zaidi ya hayo. Lakini ukichora mshumaa mmoja kila siku kwa miezi mitatu, bila ya haraka, kwa mkono uliozoea kutazama kitu kidogo kwa muda mrefu, unafika wakati unaona kitu ambacho anayetazama kompyuta kwa dakika mbili hakioni. Unaona soko linapochoka. Weupe unakuwa mfupi. Utambi wa juu unarefuka, maana yake watu walisukuma bei wakashindwa kuishikilia. Halafu siku moja kiwiliwili hakipo kabisa, bei imefungia pale pale ilipofungulia, kama mtu aliyesimama mlangoni hajui aingie au atoke. Halafu mweusi mkubwa unakuja na kuumeza mzima ule mweupe wa jana.

Mwalimu alikuwa na majina ya Kijapani na ya Kizungu, na watu hawakuyashika. Siku aliyofundisha mshumaa mdogo ulio ndani ya mkubwa, akauita kwa jina lake la Kijapani, "harami", wazee wakatazamana. "Mwalimu," akasema yule mstaafu, "sisi tushaulizwa msikitini kama hii si kamari. Sasa unatuletea na harami?" Chumba kizima kikacheka, na Mwalimu akakasirika. Mimi nilikuwa nimepiga magoti ukutani na kalamu mkononi. Nikasema, bila kugeuka, "Kwani si mjamzito huyu? Muiteni mjamzito." Tokea siku hiyo ikawa mjamzito. Ule usio na kiwiliwili nikauita kigugumizi. Ule unaomeza nikauita chatu. Weusi watatu warefu wanaofuatana baada ya kupanda sana, hao hata Wajapani wanawaita kunguru, na sisi tulikuwa nao wa kweli dirishani, hawakuhitaji jina lingine.

Saa saba, baada ya swala ya adhuhuri, Bi Zuwena alituletea chakula juu. Wali wa nazi, mchuzi wa changu wenye ukwaju, mchicha, pilipili za kusindika ambazo alizitia kwenye chupa za jamu. Wanaume walikula sinia lao, mimi na yeye tulikula letu penye ngazi, na kutokea pale nilisikia kila kitu. Nilisikia nani anaozesha, nani anataka kuezeka nyumba. Nilimsikia Mzee Vuai, mfanyabiashara wa dagaa kutoka Tumbatu, akieleza kwamba ameuza mashine ya boti yake ili aongeze fungu, na Mwalimu akimwambia, "Kamari ni kubahatisha, Mzee wangu. Mimi nasoma." Bi Zuwena alinisukumia kichwa cha samaki, maana aliniona mwembamba. "Kula, mwanangu. Wanaume wakiongea pesa hawashibi, sisi tushibe."

Sikujua ni lini hasa Mwalimu alianza kusoma kupitia kwangu. Asubuhi nikiwa nachora alikuja na kikombe chake, akauliza kama anayefanya mzaha, "Raya, leo ukuta unasemaje?" Nami namwambia. Umechoka, Mwalimu. Au, hapana, huyu chatu ni wa uongo, mwache. Saa nane anasimama mbele ya watu na kuyasema maneno yangu kwa sauti yake ya hotuba, neno kwa neno, hata majina. Nilikaa penye ngazi nikayasikia yakirudi kama mtu anayeona kanga yake imevaliwa na mwingine. Mwanzoni nilifurahi. Niseme kweli, nilijivuna. Kila Alhamisi aliweka sahihi yake kubwa chini ya karatasi ya wiki, iliyoanza na mishumaa michache ya wiki iliyotangulia, na tarehe, kwa mbwembwe, ili watu waone kwamba kasoma. Kisha karatasi ile ilishushwa, na Bi Zuwena akaichukua kutandika rafu za jikoni kwake.

Kabla ya mwezi wa Ramadhani dhahabu ilipanda wiki sita mfululizo. Darasa likawa kama nyumba ya harusi. Watu walileta halua, Mwalimu akanunua kanzu mpya, akawaahidi kwamba kabla ya Idi kila mtu atapata mara mbili ya alichoweka. Nilichora weupe hadi kalamu nyeusi ikaota vumbi. Kisha Ijumaa ikaja na kigugumizi. Jumatatu ukaja mweusi, mrefu, na Jumanne mwingine, umefungulia ndani ya kiwiliwili cha wa kwanza na kufungia chini zaidi. Jumatano wa tatu. Alhamisi asubuhi nilimaliza kuupaka ule wa tatu nikaiweka kalamu chini. Alipokuja na kikombe sikumngoja aulize.

"Mwalimu, kunguru watatu hawa. Watoe watu leo."

Hakuutazama ukuta. Alinitazama mimi. "Nshawaambia waongeze, Raya. Jana jioni nimewaambia. Unataka leo niwaambie nini?"

"Waambie soko limegeuka."

"Wewe unachora," alisema. "Mimi nasoma." Akainama, akatia sahihi yake na tarehe, akashuka ngazi.

Wakaongeza. Jumatatu iliyofuata hakikubaki kitu. Sitaingia kwenye mahesabu; Mwalimu alinunua kwa kukopa kwa dalali wa mtandaoni, na bei iliposhuka dalali akayachukua mafungu yote. Kila mtu alipoteza alichoweka na Mzee Vuai alipoteza na kile alichokopa. Walipanda wote saa sita mchana bila ya kuitwa, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na harufu ya chakula. Nilidhani Mwalimu atasema alikosea. Watu hukosea, soko ni soko, nilikuwa tayari kumhurumia. Alisimama mbele ya ukuta, karatasi ya Alhamisi ilikuwa imeshashushwa, akanyoosha kidole hadi penye ngazi nilipokaa.

"Mimi nilisoma kilichochorwa," alisema. "Na kilichochorwa kilikuwa kinapanda. Huyu binti kanakili namba za uongo. Sijui kasinzia, sijui katumwa. Mchora piko ni mchora piko tu, kosa langu nimemuamini."

Nilisimama. Nikasema, "Mwalimu, nilikwambia." Hakuna aliyegeuka kumtazama yeye. Walinitazama mimi wote, na katika watu kumi na tano hakuna hata mmoja aliyekuwa na ujuzi wa kuukumbuka ukuta ule ulivyokuwa Alhamisi. Walikuwa wakila halua. Mzee Vuai alikuja hadi karibu yangu, kofia mkononi, na hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alisema, "Mkono wako umenimaliza, binti yangu," akashuka ngazi, akizishika kuta pande zote mbili.

Mji ule ni mdogo. Kabla ya Idi hakuna bibi harusi hata mmoja aliyeniita. Nani atake mwanawe achorwe na mkono uliotia watu hasara? Mama mmoja wa Malindi, mtaa wa jirani, aliyeshanipa miadi alituma mtu aje kuniambia harusi imeahirishwa, na Ijumaa ile ile nikasikia vigelegele vya harusi yenyewe kutoka dirishani kwangu. Nilirudi kulala chumba cha nyuma kwa dada yangu Kiembe Samaki, karibu na kiwanja cha ndege, ndege zikitua juu ya vichwa vyetu, na nikakaa huko miezi mitatu nikila chakula cha watu na kuchora mishumaa kwenye madaftari ya shule. Sikuchora kwa ajili ya pesa. Nilichora kwa sababu kila mmoja uliokuwa sahihi ulikuwa shahidi wangu, na sikuwa na shahidi mwingine.

Halafu nikaona bango Darajani. Mwalimu Nassir ametoa kijitabu. Atakizindua katika ukumbi wa hoteli moja Shangani, na wageni kutoka Bara watahudhuria, na wenye kutaka kujiunga na kundi jipya wajiandikishe pale pale. Nilikinunua kijitabu chenyewe kwa muuza magazeti. Mjamzito ukurasa wa tano. Kigugumizi ukurasa wa sita. Chatu, na mchoro wa chatu, ukurasa wa nane. Kwenye kunguru watatu aliandika kwamba yeyote mwenye macho akiwaona atoke siku hiyo hiyo, na asiyetoka ni mjinga. Niliusoma ukurasa ule nimesimama juani, na nikahisi utamu mdomoni. Sijapata kuhisi utamu kama ule, wala sitaki kujifanya kwamba ulikuwa kitu kingine.

Nilikwenda Kiponda mchana ambao nilijua Mwalimu yuko msikitini. Bi Zuwena alinikumbatia mlangoni, akalia. Akanitilia chai, akanikalisha jikoni kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, akaniambia nimekonda. Nilikuwa nikizitazama rafu zake. Ilikuwa pale, rafu ya pili, chini ya mabati ya bizari, karatasi ya Alhamisi ile, kunguru wangu watatu wakichungulia ukingoni. Nikamwambia, "Bi Zuwena, naomba ile karatasi. Sina kitu chochote cha kazi yangu ya hapa. Nnataka kumbukumbu tu." Hakuuliza mara mbili. Aliyashusha mabati moja moja, akaipangusa kwa kanga yake, akaikunja vizuri. Ilikuwa na duara la manjano la bati la bizari pembeni. "Hata huyu Mwalimu," alisema, "moyoni anajua kazi yako. Hasemi tu." Nilibusu mkono wake. Nilikuwa nikijua ninachokifanya.

Kwa Mzee Vuai ilikuwa kazi zaidi. Nilimfuata hadi Mkokotoni, penye soko, anauza dagaa za mtu mwingine kwa kipimo. Alikataa kuniangalia. Nikachuchumaa mbele ya kapu lake na kumfundisha pale pale, kwa kijiti mchangani, mweupe ni nini, mweusi ni nini. Ilichukua dakika kumi. Kisha nikaikunjua karatasi, nikamwonyesha sahihi na tarehe chini yake.

"Sasa nisomee wewe, Mzee wangu," nikasema.

Alisoma kwa kidole, polepole, kama anayesoma juzuu. Mweupe, mweupe, mweupe. Kigugumizi. Mweusi. Mweusi. Mweusi. Kidole kikasimama. Nzi wakatua kwenye dagaa na yeye hawafukuzi. "Na alitwambia tuongeze," alisema.

"Aliwaambia muongeze."

"Unataka nifanye nini?"

Nilikuwa nimeshaliwaza jambo lote. Niliikunja karatasi chini, sahihi na tarehe zikafichika nyuma, na kuibandika kwenye ubao mwembamba. Mtego wangu ulikuwa na midomo miwili. Mwalimu akisoma kwamba bei inapanda, kijitabu chake mwenyewe kitamwita mjinga mbele ya watu. Akisoma kwamba inashuka, atakuwa ameniosha mimi kwa ulimi wake. Sikumwachia mlango wa tatu.

Ukumbi ulikuwa unaanza kujaa. Niliingia na nikabu, nikakaa safu ya nyuma ya wanawake. Na hapo ndipo nilipomwona Bi Zuwena. Alikuwa mbele kabisa, na buibui jipya, amepaka wanja, ameshika kijitabu mapajani kwa mikono miwili. Sikuwa nimefikiri kwamba atakuja. Hakuwa na kawaida ya kutoka. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia. Kulikuwa na robo saa nzima kabla Mwalimu hajapanda jukwaani, na kulikuwa na viti vitupu karibu yake. Nilikaa nilipokaa.

Mwalimu alisema vizuri, sitamdhulumu. Alieleza habari za wauza mchele wa Japani hadi ukadhani alikuwa nao ghalani. Alipofungua maswali, Mzee Vuai akasimama, na kofia yake, na ubao wake.

"Mwalimu, mimi n'na mchoro hapa. Nataka kuingia tena kundini, lakini nataka kwanza nielewe. Nisomee huu mbele ya wageni."

Mwalimu alifurahi. Mtu ambaye yeye alimpotezea kila kitu amerudi mbele ya watu. Angetaka nini zaidi? Aliuchukua ubao akauinua juu watu wauone. Akaliona lile duara la manjano. "Mzee Vuai, hii umefungia samaki wa bizari?" Ukumbi ukacheka. Bi Zuwena hakucheka. Niliuona mgongo wake ukinyooka. Alikuwa ameitambua kabla ya mumewe, maana yeye ndiye aliyekuwa akiipangusa kila wiki, na mumewe hakuwahi kuitazama hata siku moja.

"Huu ni rahisi," Mwalimu alisema, na kidole chake kikaanza kutembea. "Hapa soko linapanda. Hapa kigugumizi. Halafu tazameni, mmoja, wawili, watatu. Kunguru hawa. Mwenye macho hapa anatoka."

"Anatoka?" Mzee Vuai aliuliza. "Haongezi?"

"Aongeze?" Mwalimu akacheka. "Mtu akikwambia uongeze hapa, Mzee wangu, huyo si mwalimu. Huyo ni mwizi."

"Kunjua huko chini, Mwalimu. Kuna kipande kimekunjwa."

Alikikunjua. Nimeuona uso ule mara nyingi tangu siku hiyo, nikioga, nikipika, nikisubiri gari, na haujapungua utamu. Kwanza aliisoma tarehe, kwa sauti. Kisha akaisoma sahihi yake mwenyewe. Yule mwalimu mstaafu, ambaye naye alikuwa amekaa safu ya tatu, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Ndiyo Alhamisi ile." Nikasimama, nikafunua nikabu. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi miezi mitatu. Nikasema maneno manne tu. "Mkono wangu haukukosea, Mwalimu."

Wageni wa Bara waliondoka kwanza. Kisha watu wakaanza kupaza sauti, wakiyadai yao, wengine wakimsukumia vijitabu vyake kifuani. Nilibaki hadi mwisho. Nilimtazama akiviokota kimoja kimoja chini ya viti. Bi Zuwena alipita mbele yangu akitoka peke yake, karibu kiasi cha kunigusa, na wanja wake ulikuwa umeshuka hadi mashavuni. Sikumfuata, kwa sababu nilikuwa bado namtazama mumewe.

Basi kwa madai ya watu wakapoteza nyumba, wakahamia Tunguu, akafungua kiduka cha vocha na chumvi karibu na chuo. Ingenitosha. Haikunitosha. Maharusi walirudi, nikapata na wanafunzi wangu wa mishumaa, wanawake pekee, chumbani kwangu hapa Kiembe Samaki, ambao somo la kwanza huwaambia kwamba wengi watapoteza na wasije na pesa ya chakula. Lakini kwa miezi kadhaa kila Jumamosi nilipanda gari hadi Tunguu, safari yote ile, kununua kibiriti kimoja dukani kwake. Nasimama mbele yake. Nasema, "Kibiriti, Mwalimu." Ananipa bila ya kuinua macho. Nilikuwa na vibiriti ndani vya kuunguza mtaa. Niliacha siku niliyomkuta Bi Zuwena nyuma ya meza badala yake. Alinipa kibiriti, akakataa pesa yangu, na sikurudi tena.

Sasa nilikuwa nimerudi. Nyumba yao ya Tunguu ni ya matofali, vyumba viwili na ukumbi. Wanawake walikuwa wamejaa hadi barazani, juzuu mikononi. Bi Zuwena alikuwa amekaa pembeni ya mlango, mdogo kuliko nilivyomkumbuka.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba, Raya," alisema, kana kwamba nilitoka asubuhi. "Kaa hapa."

Nilisoma juzuu niliyopewa. Ilipofika dua niliitikia amin kwa maiti wote wa Kiislamu, na alipotajwa Mwalimu kwa jina lake nilifunga mdomo. Bi Zuwena alikuwa akinitazama. Chakula kikaletwa, watu wanne kila sinia, lakini yeye aliwaondoa wengine, akaketi na mimi, sisi wawili.

"Alikutaja kabla hajafa," alisema. "Kaniambia nikikuona nikuombe umsamehe. Nshakuomba. Amana nimeifikisha."

Nilikuwa na tonge mkononi. Nilijichunguza kwa dhati, Mungu shahidi wangu. Nilitafuta kila pembe kama mtu anayetafuta ufunguo, na sikupata kitu. "Siwezi, Bi Zuwena."

Alitikisa kichwa kukubali. Hakushangaa.

"Sikuja kwa ajili yake," nikasema. "Nimekuja kwako. Ulinipa ile karatasi kwa moyo mweupe, na ukumbini nilikuona, na sikukwambia. Nisamehe wewe."

Nje watoto wa majirani walikuwa wakiambiwa wasikimbie penye msiba. "Yeye alistahili," alisema mwishowe. "Mke hujua. Siku ile ile aliyokusingizia nlijua. Lakini mimi ungenambia nisije, mwanangu. Ungenambia tu nikae nyumbani."

"Ungemwambia yeye."

"Ningemwambia," alikubali. "Alikuwa mume wangu." Akavunja kipande cha nyama, akakisukuma upande wangu wa sinia. "Na mimi siwezi, Raya. Nimejaribu tangu ulipoingia mlangoni. Siwezi."

Tukatazamana. Ndani ya ukumbi mtu aliita kwamba sinia hazitoshi.

"Kula basi," akasema. "Wengine wanangoja."